Rubella: Ugonjwa mwepesi kwa mama, mzito kwa aliye tumboni

Mapema mwaka 1941, Norman Gregg, daktari wa macho jijini Sydney, Australia, alianza kuletewa vichanga wenye mtoto wa jicho, maradhi yaliyozoeleka kwa wazee. Wengi walikuwa na uzito mdogo, wakinyonya kwa shida, na mioyo yao ilikuwa na kasoro.

Enzi hizo madaktari wengi waliamini kuwa kasoro za kuzaliwa nazo hurithiwa, na kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto na maradhi ya mama. Inasimuliwa kuwa Gregg aliwasikia akina mama wakiongea huku wakisubiri zamu zao: waliugua rubella mimba zikiwa changa. Mwaka uliotangulia ugonjwa huo ulikuwa umeenea Australia, wakati kambi za jeshi zimefurika vijana waliokuwa wakiandaliwa kwenda vitani. Kwa mtu mzima rubella ni homa kidogo, vipele na tezi kuvimba, kisha basi. Ni nani angeihusisha na macho ya mtoto aliyezaliwa miezi kadhaa baadaye?

Gregg aliwauliza madaktari wenzake. Kati ya watoto 78 waliopatikana, mama wa watoto 68 walikuwa wameugua rubella walipokuwa wajawazito. Oktoba 15, 1941, aliwasilisha matokeo hayo Melbourne.

Si wote waliomwamini. Mwaka 1944, jarida la The Lancet la Uingereza liliona kuwa hoja yake haijathibitishwa. Ushahidi mzito ulikuja mwaka 1951, pale mtakwimu Oliver Lancaster alipopekua takwimu za sensa za Australia na kukuta viziwi wengi zaidi miongoni mwa waliozaliwa nyakati za milipuko ya rubella, tangu mwishoni mwa karne ya 19.

Mwaka 1962 watafiti wa Marekani walifanikiwa kukiotesha kirusi chenyewe maabara. Miaka miwili baadaye mlipuko mkubwa uliikumba nchi hiyo: hadi unamalizika mwaka 1965, watoto wapatao 20,000 walikuwa wamezaliwa na madhara ya rubella. Chanjo iliidhinishwa huko mwaka 1969.

Leo inajulikana kuwa kirusi hupenya kondo la nyuma na kuvuruga seli wakati macho, masikio na moyo vinaumbika. Mama akiambukizwa katika wiki 12 za kwanza, uwezekano wa mtoto kudhurika unaweza kufikia asilimia 90.

Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua-rubella mwaka 2014, na Kenya mwaka 2016. Kwa kuwa chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, mjamzito hapewi. Kinga yake ni ile aliyoipata kabla ya kushika mimba, pamoja na chanjo ya watoto wanaomzunguka. Ndiyo maana mtoto wa kiume naye huchanjwa, ingawa hatabeba mimba kamwe: asipougua yeye, hatamwambukiza mama yake wala jirani aliye mjamzito.