Chombo Kitalala Wapi? Historia ya Uchukuzi Uvira na Kaskazini mwa Tanganyika

Mtu wa Uvira anayetafuta tela ya kubebea pikipiki, au remorki kama wasemavyo Wakongo wengi, huanza kwa kuuliza itachukua pikipiki ngapi. Ni swali la haki, ila historia ya mwambao huu inaonyesha kwamba lipo jingine la kuulizwa kabla yake: tela yenyewe, ikishateremsha mzigo, italala wapi? Uvira ni mji uliobanwa. Mgongoni mwake milima ya Mitumba inapanda ghafla hadi kupita mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na mbele yake ziwa limetanda kwenye kimo cha takriban mita 775. Kilichobaki katikati ni ukanda mwembamba wa ardhi unaokatwa na mito ya Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge, na juu ya ukanda huo zimejazana nyumba, masoko, shule, makanisa, misikiti na barabara moja kuu. Nafasi ya kuweka chombo kisichofanya kazi ni adimu, na ilikuwa adimu kabla ya injini ya kwanza kusikika hapa. Dai langu ni kwamba kwa zaidi ya miaka 150 chombo kilichofaa mwambao huu kilikuwa kile kilichokubali kupunguzwa: kuvutwa mchangani, kufunguliwa vipande, kuhamishwa. Wingi wa mzigo ulikuja baada ya hapo.

Tuanze na mtumbwi. Mwaka 1858 Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walikuwa Ujiji wakitafuta chombo cha kuwafikisha ncha ya kaskazini ya ziwa. Speke alivuka hadi kisiwa cha Kasenge, upande wa magharibi, kuomba jahazi la mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Hamed, akarudi mikono mitupu. Mwishowe waliondoka kwa mitumbwi miwili, na mwezi Aprili wakafika Uvira, iliyokuwa kituo cha mwisho cha kaskazini kwa wafanyabiashara wa Ujiji waliofuata pembe za ndovu na, kwa aibu ya zama zile, watumwa. Jahazi walilikosa kwa kutopatana na mwenye mali, kwa hiyo safari hiyo peke yake haithibitishi neno. Linalothibitisha ni hali ya kila siku: majahazi ziwani yalikuwa machache sana, na mitumbwi ilikuwa mingi kila kijiji. Mtumbwi wa gogo moja hauna sitaha, hukaa chini majini, na mawimbi yakichachamaa mzigo huloa. Lakini Tanganyika ni ziwa la upepo unaobadilika ghafla, na upande wa magharibi sehemu nyingi milima imeshuka moja kwa moja hadi majini, na ghuba za kujikinga hazipatikani kila unapozihitaji. Jahazi linadai maji ya kina na kimbilio la usiku. Mtumbwi unadai kipande cha mchanga na watu wa kuuvuta, na watu hao ni walewale waliokuwa wakipiga makasia. Bandari yake ilisafiri nao.

Walipokuja watu waliotaka vyombo vikubwa zaidi, sharti hilohilo liliwangoja, safari hii kabla hawajaligusa ziwa. Kutoka Bagamoyo hadi Tanganyika hapakuwa na reli wala barabara ya magurudumu. Kila kitu kilipita juu ya bega la mpagazi, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo zisizozidi sana 30. Ndiyo maana Henry Morton Stanley, alipoondoka pwani mwaka 1874, alikuja na mashua yake Lady Alice ikiwa imegawanywa vipande, na mwaka 1876 aliizunguka Tanganyika nzima kwa mashua hiyo. Wamisionari wa London Missionary Society nao waliileta meli ya mvuke Good News vipandevipande, ikashushwa majini kusini mwa ziwa mwaka 1885. Hapa lazima niseme jambo ambalo sifa za vyombo hivi hulificha. Chombo kinachofunguka kilikuwa chepesi kwa mwenyewe kwa sababu uzito wake ulihamishiwa kwa wengine. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na njia ya wapagazi ilijaa watu waliobeba chuma cha wengine wakiwa na njaa, homa na vidonda. Kwa hiyo ninaposifu kupunguzika kwa chombo sisifu gharama iliyolipwa na mabega yale. Nasema tu kwamba ardhi yenyewe ilikataa chombo kisichopunguzika, na watu wenye nguvu wakachagua nani alipe.

Mfano mzito wa kunipinga ni wa mwaka 1915, nao unahusu tela hasa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walitaka kuwaondoa Wajerumani ziwani. Wakapeleka mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa karibu mita 12, chini ya kamanda Geoffrey Spicer-Simson. Mashua hizo hazikufunguliwa vipande. Zilipakiwa melini hadi Cape Town, zikapanda reli hadi Fungurume huko Katanga, kisha zikawekwa kwenye matela na kukokotwa na matrekta ya mvuke pamoja na makundi ya ng'ombe kuvuka milima, zikateremka Mto Lualaba na kupanda reli tena hadi Lukuga, panapoitwa leo Kalemie. Je, hilo halionyeshi kwamba chombo kizima, juu ya tela imara, kinaweza kufika? Kilifika, ndiyo. Lakini angalia kilichohitajika: njia mpya ilikatwa msituni, madaraja zaidi ya mia yalijengwa, mamia ya vibarua wa Kiafrika waliitwa kazini, na maji yalipokosekana wanawake wa vijiji waliyaleta kwa vyungu vichwani ili matrekta yasisimame. Na hata zilipofika ziwani, mashua hizo hazikuweza kuingia majini mara moja, kwa sababu mdomo wa Mto Lukuga haukuwa na kimbilio. Ilibidi kwanza mawe yamwagwe kujenga bandari. Zilishushwa majini mwishoni mwa Desemba 1915, na tarehe 26 mwezi huohuo zikaiteka Kingani, meli ya Wajerumani. Wabelgiji walikuwa wameshalijua somo hili kwa uchungu, kwa kuwa meli yao Alexandre Delcommune ilishambuliwa na kuharibiwa papo hapo Lukuga mwezi Agosti 1914. Tela ilifanya kazi yake njiani. Swali la mahali pa kulala lilibaki palepale mpaka lilipojibiwa kwa mawe.

Mwingine atasema: na Liemba je? Hiyo ni meli kubwa, yenye urefu wa karibu mita 70, na imevuka miaka 100. Pingamizi hili nalikubali kwa sehemu. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli kuelekea Kigoma, ambako iliundwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, baadaye ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa hiyo hata ukubwa huu uliingia ziwani kwa mlango wa vipande. Na imedumu kwa sababu Kigoma ina ghuba nzuri, reli, mafundi, na serikali baada ya serikali iliyokubali kugharimia mahali pake. Chombo kikubwa hushinda pale ambapo yupo wa kulipia maegesho yake kwa muda mrefu. Kwa mwenye duka, fundi au mmotari wa Uvira, mlipaji huyo hayupo. Ni yeye mwenyewe na ukuta wake.

Upande wa Uvira, chombo kikubwa kilichojaribiwa kilikuwa reli. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji ulifungua njia ya gari moshi kutoka bandari ya Kalundu, kupitia Uvira na bonde la Ruzizi, hadi Kamanyola, umbali usiofika kilomita 100. Lengo lilikuwa kuunganisha Tanganyika na Ziwa Kivu, lakini reli ilikomea chini ya mlima, na mzigo wa Bukavu ukawa unashushwa hapo na kupandishwa kwenye malori. Kabla ya uhuru, mwishoni mwa miaka ya 1950, njia hiyo ilifungwa. Unaweza kusema reli iliuawa na lori, si na ufinyu wa nafasi. Lakini lori lilishinda kwa sababu gani? Lilipanda mlima bila kubadilisha mzigo, liligeuka popote, na jioni liliegeshwa uani kwa mwenyewe. Reli ilidai ukanda wa ardhi usiku na mchana, iwe ina mzigo au haina, katika nchi ambayo ukanda huo ni sehemu kubwa ya ardhi tambarare yote iliyopo.

Tena ukanda wenyewe hautulii. Mwaka 1878 ziwa lilijaa hadi likavunja kizuizi cha Mto Lukuga na kutokea magharibi, kisha likashuka kwa takriban mita 10 katika miaka iliyofuata. Miaka ya 1960 lilipanda tena. Aprili 2020 Mulongwe ilifurika ikaua watu na kuangusha nyumba nyingi Uvira, na mwaka 2021 na 2024 maji ya ziwa yaliingia bandarini Kalundu, katika mitaa ya ufukweni, na hata Gatumba ng'ambo ya mpaka wa Burundi. Gati la zege haliwezi kurudi nyuma hatua 20. Boti ya mbao inaweza kutafuta ufuko mwingine, na bidhaa zilizofungwa kwa ukubwa wa kubebeka zinaweza kuamkia mahali pa juu zaidi.

Kuna anayeweza kuniambia kwamba naupamba umaskini: watu wa Uvira wanatumia vyombo vidogo kwa kuwa vita, kuanzia vile vilivyouangukia mji Oktoba 1996, vimewanyima vikubwa. Vita vimewaibia wengi, na mtu aliyelazimika kukimbia ameiacha mali isiyohamishika nyuma yake. Hilo ni kweli na linauma. Lakini mlima haukuwekwa na vita, na ziwa halikupanda kwa sababu ya umaskini. Wala chombo kinachopunguzika si cha maskini peke yao: huko Marekani, ambako familia nyingi zina banda la gari, viwanda hutengeneza matela ya pikipiki yanayokunjwa na kusimamishwa wima ukutani, kwa sababu hata huko watu wamegundua kwamba tela hufanya kazi saa chache na kukaa bure siku nyingi.

Mnunuzi wa leo basi asianze na idadi. Pikipiki ya kazi ya injini ya 125 au 150 ina uzito wa karibu kilo 110 hadi 130, hivyo mbili ni kama robo tani, na tela ya kubeba mbili inatosha biashara nyingi za mjini. Apime kwanza upana wa geti la parseli yake na urefu wa ukuta utakaoiegemeza tela. Aone kama mkono wa kukokotea unachomoka, kama fremu inakunjika, kama ubao wa kupandishia unapata pa kuwekwa, na kama watu wawili wanaweza kuisimamisha bila kuumia, ili uzito usirudi tena kwenye mgongo wa kibarua kama ulivyokuwa zama za Lady Alice. Aangalie pia alama ya maji ya mwaka 2024 kwenye kuta za jirani, na tela aiweke juu ya alama hiyo. Mpiga kasia aliyetoka Ujiji kwenda Uvira alipaswa kujua, kabla jua halijashuka, ni mchanga upi utapokea mtumbwi wake usiku huo, na mzigo aliupakia kwa kadiri ya watu alionao wa kuuvuta.