Mererani: Mawe Yana Hesabu, Marehemu Hawana

Aprili 1998, mvua za El Niño zikiwa bado zinapiga kaskazini mwa Tanzania, maji yalifurika kwenye mashimo ya tanzanaiti huko Mererani, Simanjiro. Waliokufa wanakadiriwa kupita 100. Nasema wanakadiriwa kwa sababu hakukuwa na orodha ya walioshuka.

Tanzanaiti iligunduliwa hapo mwaka 1967. Miaka 30 baadaye vilima vile vilikuwa vimetobolewa kila upande. Wanaapolo, ndivyo wanavyoitwa wachimbaji wadogo, waliufuata mwamba wenye jiwe popote ulipoelekea, hata chini ya shimo la jirani. Njia mbili zikikutana huko chini, wenyewe husema mitobozano, na mara nyingi ulizuka ugomvi. Siku ya mafuriko mitobozano ikawa mifereji: maji yakaingia shimo moja, yakamkuta mtu wa shimo jingine akipumua hewa ya kompresa inayoletwa kwa mpira, hana pa kukimbilia.

Mwanaapolo hakuwa na mshahara wala barua ya ajira. Mwenye shimo alimpa chakula na vifaa, na jiwe likipatikana wakagawana. Kijana angeweza kufika leo na leo hiyo hiyo akashuka. Ndiyo maana hata idadi ya watu wa kutafutwa ilitegemea kumbukumbu za wenzao. Machi 2008 mvua kubwa ikarudi, na makumi ya wachimbaji wakafa kwa maji vilevile.

Serikali ilikuja kujenga ukuta wa kilomita 24 kuzunguka machimbo, uliozinduliwa mwaka 2018 ili mawe yasitoroshwe. Juni 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliuza mawe mawili ya tanzanaiti, moja kilo 9.27, la pili kilo 5.1. Jiwe tunalijua hadi gramu. Marehemu wa 1998 tunawakisia tu. Kwangu hiyo ni aibu kubwa kuliko mafuriko yenyewe, maana mvua haikuzuilika, ila daftari lingewezekana.

Sisi wa Paya, Tororo na Busia, huku mashariki mwa Uganda, tusiione Mererani kuwa mbali. Mashimo ya dhahabu ya Tiira yako hapa hapa kwetu, na vijana wetu wanashuka. Ninyi wenye mashimo, nunueni daftari moja la shule, likae mdomoni mwa shimo. Kila anayeshuka aandikwe jina, kijiji chake na simu ya nyumbani, kabla hajashika kamba.