Tarehe ya Hadithi za Peni Moja

Mwaka 1821 Kenilworth, riwaya ya Walter Scott, ilitoka kwa juzuu tatu na bei yake ikawa shilingi 31 na peni 6. Wachapishaji wa Uingereza waliing'ang'ania bei hiyo kwa zaidi ya miaka 70. Kibarua wa shambani alipata kama shilingi 10 kwa wiki, hivyo riwaya moja mpya ilimeza ujira wake wa wiki tatu kabla hajanunua mkate. Wenye nafasi walijiunga na maktaba za kukodisha vitabu. Wengine waliambulia karatasi za kuuzwa barabarani, zenye nyimbo na visa vya waliohukumiwa kunyongwa.

Mitambo ya mvuke ilikuwa imekwisha kuingia: gazeti la The Times lilichapwa kwa mvuke tangu 1814, na karatasi nayo ikaanza kutengenezwa kwa mashine. Ila magazeti yalibanwa na kodi ya stempu, peni 4 kwa kila nakala, mpaka 1836 iliposhushwa kuwa peni 1. Hadithi haikubanwa. Karatasi isiyobeba habari za siku haikuhitaji stempu, na mtu mwenye mtaji mdogo angeweza kupita hapo.

Aliyepita kwa kishindo ni Edward Lloyd, mchapishaji aliyezaliwa 1815. Aprili 1836 Charles Dickens alianza kutoa The Pickwick Papers kidogo kidogo kila mwezi, shilingi moja kwa sehemu. Wasomaji waliipenda mno, lakini shilingi ni peni 12, na wengi hawakuwa nazo. Lloyd akatoa Pickwick yake ya peni moja, ya kuigiza, yenye jina la mwandishi "Bos" badala ya "Boz" alilotumia Dickens. Wachapishaji wa Dickens walimpeleka mahakamani 1837 wakashindwa. Zikafuata nyingine za kuigiza, Oliver Twiss na Nickelas Nickelbery. Ulikuwa wizi, na sitaupamba. Hata hivyo watu walionunua Pickwick ya Lloyd hawakuwa wameporwa kutoka kwa Dickens. Kwa bei ya shilingi, hawakuwa wasomaji wake hata siku moja.

Katika miaka ya 1840 Lloyd alikuwa na ofisi Salisbury Square, hatua chache kutoka Fleet Street. Kijarida chake kilikuwa na kurasa 8, maandishi madogo yaliyosongamana katika safu mbili, na juu ya ukurasa wa kwanza picha iliyochongwa kwenye ubao: mwanamke amezimia, jambazi ameshika kisu, mwezi unachungulia dirishani. Kurasa 8 zikijaa, hadithi ilikatwa papo hapo, mara nyingi katikati ya sentensi, na msomaji akangoja wiki ijayo ili aimalizie. George Augustus Sala, aliyewahi kumchorea Lloyd picha hizo kabla hajawa mwandishi mashuhuri, alisimulia jinsi alivyoagizwa aongeze ukubwa wa macho na wingi wa damu. Thomas Frost, mwandishi wa zama hizo, anaeleza kwamba mswada ulipoletwa, pengine ulipewa mtumishi wa nyumbani au kijana wa mitamboni ausome kwanza. Akiupenda, unachapwa. Mtumishi wa jikoni kuwa mwamuzi wa fasihi! Katika tarehe yote hii, hilo ndilo ninaloliheshimu kuliko yote.

James Malcolm Rymer alikuwa hodari wa duka hilo. Varney the Vampire, hadithi ya mnyonya damu inayohesabiwa kuwa yake, ilitoka 1845 hadi 1847, miaka 50 kabla ya Dracula. Imejaa marudio na mazungumzo ya neno moja moja, kwa kuwa sehemu mpya ilitakiwa kila wiki, mwandishi awe na la kusema au asiwe nalo. Novemba 1846 ikaanza The String of Pearls, isiyo na jina la mwandishi. Ndani yake yumo Sweeney Todd, kinyozi wa Fleet Street ambaye kiti chake hupinduka na mteja akaangukia chini ya sakafu, na jirani yake Bi Lovett muuza mikate ya nyama. Msomaji wa London aliweza kutoka kazini akapita mtaa ule ule. Kabla toleo la mwisho halijatoka, Machi 1847, kisa kilikuwa tayari jukwaani katika ukumbi wa Britannia, Hoxton.

Mshindani mkuu alikuwa G. W. M. Reynolds. Kwa kuvutiwa na Les Mystères de Paris ya Eugène Sue, alianza The Mysteries of London mwaka 1844, nayo ikauzwa kama njugu. Reynolds alikuwa na hasira ya kweli. Machi 1848 alipanda jukwaani Trafalgar Square akahutubia umati, akawa upande wa Wachartist waliodai haki ya kupiga kura. Katika The Seamstress, ya 1850, vazi analoshona msichana maskini linapita mkono kwa mkono, kila dalali akichukua chake, mpaka lifike kwa mke wa kabaila kwa bei ambayo mshonaji hawezi kuiota. Hapo mshonaji wa kweli alisoma maisha yake mwenyewe.

Tena haikuwa lazima mtu ajue kusoma. Henry Mayhew, aliyeandika juu ya wachuuzi wa mikokoteni wa London, aliwakuta wakikusanyika uani jioni za kiangazi kumsikiliza mmoja wao akiwasomea, wakimkatiza kwa maswali na kuwalaani matajiri wa hadithini. Reynolds alikuwa kipenzi chao. Wachungaji na wahariri wa magazeti makubwa walilia kwamba hadithi hizi zinaharibu watu. Sioni walichoharibikiwa wale wachuuzi.

Lloyd mwenyewe alizionea haya hadithi zake. Gazeti lake la kila wiki, lililoanza 1842, lilimtajirisha. Stempu ilipofutwa 1855 na kodi ya karatasi 1861, aliuza kwa peni moja kwa mamia ya maelfu. Inasimuliwa kwamba uzeeni alitaka hadithi zake za zamani zinunuliwe na kuteketezwa. Alifariki 1890, na miaka sita baadaye gazeti lake lilifikia nakala milioni moja.

Biashara ya peni ilihamia kwa vijana. Black Bess, kisa cha mnyang'anyi Dick Turpin, kilifika sehemu 254 katika miaka ya 1860. Mwaka 1877 polisi walizuia The Wild Boys of London isiendelee kuuzwa. Lakini ni katika Young Folks, jarida la vijana la kila wiki, Robert Louis Stevenson alikotoa Treasure Island kwa mfululizo, 1881 hadi 1882. Waswahili waliipata 1929, kwa jina la Kisiwa chenye Hazina.

Vijarida vyenyewe vilisomwa mpaka vikachakaa, na karatasi kuukuu ilikuwa na wanunuzi. Kilichopona kimepona zaidi kwa juhudi ya Barry Ono, mwimbaji wa kumbi za burudani, aliyevikusanya maisha yake yote na kuviachia British Museum alipofariki 1941.