Vifuko vya Utumbo Mpana: Historia na Istilahi

Neno la Kilatini lililowapa matabibu wa Ulaya jina la hali hii lilikuwa na maana ya njia ndogo inayochepuka kutoka barabara kuu. Jina hilo halitaji kisababishi. Lataja kinachoonekana tu, yaani utando wa ndani wa utumbo mpana uliojisukuma nje kupitia sehemu dhaifu za ukuta wake, ukafanya kifuko. Twaona kwamba hapo pana funzo kwa watungaji wa istilahi, maana ushauri wa matabibu umebadilika mara kadhaa, ila kifuko kimebaki kuwa kifuko.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wagonjwa waliagizwa kula vyakula laini visivyo na makapi, ili utumbo upumzike. Mwaka 1971 Neil Painter na Denis Burkitt waliupinga ushauri huo. Burkitt alikuwa amefanya kazi ya upasuaji nchini Uganda kwa miaka mingi, na huko hali hii ilikuwa nadra mno. Wao wakaiita maradhi ya upungufu, yaani upungufu wa nyuzinyuzi katika chakula cha watu wa Magharibi. Makapi ya ngano yakawa dawa. Hata hivyo, uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2012 haukuona kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi walikuwa na vifuko vichache. Nyuzinyuzi zingali zinashauriwa, lakini kisababishi hakielezwi tena kwa neno moja. Mfasiri ambaye angaliiita hali hii "upungufu wa makapi", leo angalikuwa na istilahi inayobishana na utabibu.

Jambo la pili ni kutenganisha hali mbili. Kuwa na vifuko si kuugua. Wazee wengi wanavyo bila kujua, wala hawahitaji tiba. Lakini vifuko vikivimba, mgonjwa hupata homa na maumivu ya tumbo, aghalabu upande wa kushoto chini, na yampasa amwone tabibu. Utafiti wa Uswidi na Iceland wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba hali isiyo na matatizo mengine yaweza kupoa hata bila viuavijasumu. Bali jipu au kutoboka kwa utumbo hutaka hospitali, na pengine upasuaji. Kikaratasi cha zahanati kinachotumia neno moja kwa hali zote mbili humtia hofu aliye mzima na kumchelewesha aliye mgonjwa.

Kwa hiyo twapendekeza "vifuko vya utumbo mpana" kwa hali ya kwanza, na "kuvimba kwa vifuko vya utumbo mpana" kwa hali ya pili. Tumechagua "kuvimba", wala si "uvimbe", kwa sababu wasomaji wengi wasikiapo "uvimbe" hudhani saratani. Wafasiri na walimu na wazipime istilahi hizi kwa wagonjwa wenyewe, kwani hao ndio watakaozitumia kuamua kubaki nyumbani au kwenda hospitali.