Kikombe cha Mnyororo: Maji Kati ya Sadaka na Haki

Apitaye Holborn, jijini London, penye kanisa la kale la St Sepulchre, ataona bomba dogo la maji lililojengewa katika ukuta wa uzio wa kanisa hilo. Lina kikombe kilichofungwa kwa mnyororo na maandishi yanayomtaka mnywaji akirudishe mahali pake. Jina la mfadhili nalo limechongwa: Samuel Gurney, mbunge, 1859. Ni bomba dogo, lakini historia yake yafaa kusomwa na kila taifa ambalo bado linajadili nani ana wajibu wa kuwapa watu maji.

Katika zama zile London ilikuwa kitovu cha dola tajiri kuliko zote duniani, ilhali maskini wake walikunywa uchafu. Maji yalikuwa mikononi mwa kampuni za binafsi, na mitaa mingi ya makabwela iliyapata kwa saa chache tu. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa wa Soho. Daktari John Snow alionyesha kwamba vifo vile vilizunguka pampu moja ya Broad Street, na mpini wake ukaondolewa. Hata hivyo, wakubwa wengi waliendelea kuamini kwamba maradhi yale yaliletwa na hewa chafu. Miaka minne baadaye, uvundo wa mto Thames uliwafikia wabunge wenyewe ndani ya Bunge, na ndipo fedha za kujenga mifereji mikuu ya majitaka zikapatikana haraka.

Gurney na mwanasheria Edward Wakefield hawakuingoja serikali. Waliunda chama cha kujenga mabomba ya bure, na lile la kwanza likafunguliwa tarehe 21 Aprili 1859. Umati ulimiminika. Mtu aliyekuwa na kiu hakulazimika tena kuchagua kati ya maji machafu na kilabu cha pombe. Huu ulikuwa wema wa kweli, na si haki kuubeza.

Lakini sadaka hutegemea mfuko wa mtoaji. Mwaka 1866 kampuni ya fedha ya ukoo wa Gurney, Overend, Gurney, ilianguka kwa kishindo na kulitikisa soko zima la London. Mwaka uliofuata bomba lenyewe liling'olewa kupisha ujenzi wa daraja la Holborn, lisirudi hadi 1913. Wahenga walinena: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Suluhisho la kudumu lilitokana na sheria ya mwaka 1902, iliyoziondoa kampuni zile na kuyaweka maji ya jiji chini ya bodi ya umma.

Mwambao wetu nao una kisa chake. Kipindupindu kiliipiga Unguja kwa ukali mwaka 1869 na 1870. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 na kuizuru Uingereza mwaka 1875, aliuvutia mji maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi zilizo nje yake. Kabla ya hapo, wengi waliteka visimani. Sifa yake anastahili. Hata hivyo, yale pia yalikuwa maji ya hisani ya mtawala, kama yale ya London yalivyokuwa hisani ya tajiri.

Ndugu msomaji, tazama jinsi tunavyozindua mabomba leo: utepe, mgeni rasmi, kibao chenye jina lake, na akina mama wakipiga vigelegele. Mwananchi aliyelipa kodi anashukuru kana kwamba amekirimiwa. Bomba likikauka baada ya miezi michache, hajui amdai nani, kwa kuwa zawadi haidaiwi. Watu wa London walichukua zaidi ya miaka 40 kutoka kwenye kikombe cha Gurney hadi kwenye bodi ya umma. Sisi tunaijua njia waliyopita. Basi kibao kijacho kisitaje jina la mgeni rasmi. Kitaje ofisi inayowajibika siku maji yasipotoka.