Waliofundisha Kuvisha Ardhi Iliyo Uchi

Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika kwetu Kasese, magharibi mwa Uganda, na mwaka huohuo mgodi wa shaba wa Kilembe ukaanza kazi chini ya kampuni kutoka Kanada. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, maana reli ilisogezwa hadi huku kwa ajili ya shaba. Mawe yalichimbwa mlimani, yakasagwa na kuchujwa bondeni Kilembe, kisha shaba ikapakiwa kwenye mabehewa hadi kiwanda cha kuyeyushia cha Jinja. Watu walimiminika kutoka kila upande kutafuta kibarua, na mji ukakua.

Mabaki ya kazi hiyo yalikuwa ya aina mbili. Mchanga laini uliosalia baada ya mawe kusagwa ulimwagwa bondeni, kandokando ya mto Nyamwamba, hadi ukafika zaidi ya tani milioni 15. Aina ya pili ni pairaiti, jiwe la chuma na salfa lenye kobalti ndani yake. Hilo lililimbikizwa chini kwenye tambarare ya Kasese, takriban tani milioni 1, likisubiri ipatikane njia ya kuitoa kobalti kwa faida. Lilisubiri kwa miongo kadhaa, hadi baada ya mgodi wenyewe kufungwa.

Pairaiti ikipata maji na hewa haitulii. Salfa yake hugeuka asidi, chuma chake hugeuka kutu, na masalia ya shaba na kobalti huyeyuka na kufuata maji. Mvua ilipolipiga lile rundo, maji yaliteremka hadi ndani ya hifadhi ya taifa ya Queen Elizabeth, kuelekea Ziwa George, na yalikopita nyasi zilikufa. Ukatokea mkanda wa ardhi tupu katikati ya mbuga ya tembo na nyati. Ukiinama na kuushika udongo wake unakuta ganda jembamba la rangi ya manjano na kutu, na chini ya ganda hilo hakuna mzizi. Hatua chache pembeni, nyasi zimesimama hadi kiunoni. Mvua ni ileile na jua ni lilelile. Tambarare ya Kasese ni kavu kwa kuwa mlima wa Rwenzori unajichukulia sehemu kubwa ya mvua, lakini mkanda ule haukuletwa na ukame. Ni jangwa lililotengenezwa na watu.

Historia ya mgodi wa Kilembe imeandikwa mara nyingi: shaba, Wakanada, utaifishaji, kuanguka, wawekezaji wa kila zamu. Waliotajwa mara chache ni waliojifunza namna ya kuirudishia ardhi ya aina hii vazi lake, kisha wakawafundisha wengine. Wapo, na baadhi yao walifanya kazi mbali na hapa.

Wa kwanza kwa upande wetu ni Eric Edroma, mwanaikolojia wa Uganda. Mwaka 1974, wakati hifadhi ilikuwa ikiitwa Ruwenzori, alichapisha utafiti wake juu ya uchafuzi wa shaba ndani ya hifadhi hiyo. Mgodi ulikuwa bado unazalisha na nchi ilikuwa chini ya Idi Amin. Kuandika wakati ule kwamba tegemeo kubwa la uchumi wa nchi linaua nyasi za hifadhi ya taifa hakukuwa jambo dogo. Edroma baadaye alikuja kuwa mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Uganda. Utafiti wake ulitufundisha kwamba jeraha hili halina budi kupimwa kabla ya kutibiwa, kwa kuwa ardhi yenye sumu ya shaba na ardhi yenye kiu zinaweza kufanana kwa macho.

Mbali na hapa, mwaka uleule wa reli, 1956, kijana wa Kiswisi aitwaye René Haller alifika Tanganyika kusimamia shamba la kahawa karibu na Kilimanjaro. Alikuwa amesomea kilimo cha bustani na upambaji wa mandhari. Mwaka 1959 kampuni ya saruji ya Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, ilimwajiri atunze bustani zake na kuzalisha chakula cha wafanyakazi. Kiwanda kilikuwa kinakula mwamba wa matumbawe ya kale kwa kasi, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 kilikuwa kimeacha nyuma shimo pana, jeupe, lisilo na udongo hata wa kujaza kiganja. Sakafu ya machimbo ilikuwa karibu kabisa na maji ya chini, na maji yenyewe yalikuwa na chumvi. Joto la jua lilirudishwa na mwamba kama kwenye tanuri.

Haller alianza kwa kutembea. Alizunguka machimbo akitafuta chochote kilichoota chenyewe, akakuta mimea michache iliyojibanza nyuma ya mawe. Kisha akapanda miti ya majaribio ya aina 26. Zilizostahimili ni 3 tu: mvinje, mnazi, na mti wa damas wenye asili ya Somalia na nchi jirani zake. Mtu mwingine angeyahesabu majaribio hayo kuwa hasara. Yeye aliushika mvinje na kuanza kuusoma.

Mvinje una siri mizizini. Vijidudu vinavyoishi kwenye vinundu vya mizizi yake huchukua naitrojeni ya hewani na kuugeuzia mti chakula, kwa hiyo unaweza kuishi mahali pasipo na mbolea wala udongo. Miti ilishika, ikapanda juu, ikaangusha majani yake membamba kama sindano. Hapo likazuka tatizo jipya, kwa kuwa majani hayo hayaozi kwa urahisi. Yalirundikana makavu juu ya mwamba na udongo haukuzaliwa.

Aliyepata jibu la hilo ni jongoo. Haller aliwaona majongoo wenye miguu myekundu, wale wanaojulikana sana pwani wakati wa mvua, wakitafuna majani ya mvinje. Akaagiza wakusanywe na kuletwa machimboni kwa wingi. Jongoo alikula jani kavu, akaacha kinyesi, na kinyesi kikawa mboji. Mboji ikapokea mbegu za miti mingine, miti ikaita ndege, ndege wakaleta mbegu zaidi. Mabwawa ya samaki yalichimbwa, perege wakafugwa. Mwaka 1984 watu wakafunguliwa mlango kuja kuona, na mwaka 1987 Haller akaingizwa kwenye orodha ya heshima ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park. Wengi wanapakumbuka kwa kiboko mchanga Owen, aliyeokolewa pwani ya Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004 na akafanya urafiki na kobe mkubwa aitwaye Mzee. Hadithi hiyo ni nzuri, lakini kwangu jongoo ndiye anayestahili sanamu.

Kazi ya Bamburi haikufanywa na mtu mmoja. Miche ilioteshwa, ikapandwa na kumwagiliwa na wafanyakazi wengi wa pwani, na maarifa yakapita kutoka mkono hadi mkono. Mwanaikolojia Sabine Baer aliendeleza urejeshaji wa machimbo miaka ya baadaye. Mwaka 2004 ikaanzishwa taasisi yenye jina la Haller, ambayo huko Mtopanga, Mombasa, inawafundisha wakulima wadogo kuvuna maji ya mvua, kutengeneza mboji na kufufua udongo uliochoka. Darasa lao ni shamba la mfano. Mkulima huja, huona, hugusa, na hurudi nyumbani na kitu cha kujaribu.

Tanzania nayo ilikuwa na darasa lake. Shinyanga ilifyekwa miti kwa miongo mingi, kwanza kupambana na mbung'o, kisha kwa ajili ya pamba, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere aliielezea kuwa jangwa la Tanzania. Miaka 2 baadaye ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Maofisa wake, akiwemo Wendelen Mlenge aliyeuongoza, walikuja na miche ya kupanda, lakini kilicholeta mabadiliko makubwa kilikuwa tayari mikononi mwa wazee wa Kisukuma: ngitili, yaani eneo linalofungwa ili nyasi na vichaka vipumzike hadi kiangazi. Mizizi ilikuwa bado hai ardhini, ikingoja tu ng'ombe wazuiwe. Ngitili zilienea kutoka hekta mia chache hadi mamia ya maelfu ya hekta, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wataalamu wa HASHI walikuwa na unyenyekevu wa kukaa chini na kufundishwa na watu ambao wao wenyewe walitumwa kuwafundisha.

Turudi Kasese. Mwaka 1999 mambo mawili yalitokea katika wilaya yetu. La kwanza, kampuni ya Kasese Cobalt ilianza kulitafuna lile rundo la pairaiti. Ilitumia bakteria ndani ya matangi, ambao huvunjavunja pairaiti na kuiachia kobalti, na asidi inayotokea hutulizwa kwa chokaa. Yaani kilekile kilichokuwa kikiua nyasi nje, hewani, kilifungiwa ndani ya matangi na kufanyishwa kazi. Rundo liliisha katika miaka ya 2010, na chanzo kikuu cha sumu ile kikaondoka. La pili, kiwanda cha saruji cha Hima, hapahapa wilayani, kilinunuliwa na Bamburi ileile ya mvinje na majongoo, na kikabaki mikononi mwake hadi mwaka 2024.

Kuna kishawishi cha kusema: basi, tuchukue somo la Bamburi tulilete Kilembe, tupande mvinje, tufungue hifadhi. Hapo ndipo ninapowaomba wasomaji wawe waangalifu. Mwamba wa Bamburi ni chokaa. Una chumvi, una joto, hauna udongo, lakini hauna sumu ya metali. Udongo wa mkanda wa pairaiti ni asidi, na ndani yake mna shaba na kobalti. Magonjwa haya mawili ni kinyume, na chokaa ambayo ilikuwa tatizo la Bamburi ni dawa kwa Kasese. Watafiti wa Uganda wameliona hilo zamani. Mwaka 2011 Osaliya, Kansiime, Oryem-Origa na Kateyo walichapisha utafiti juu ya kutumia maji ya mvua na maji yaliyopita kwenye kinamasi cha kutengenezwa ili kuotesha mimea upya kwenye mkanda ule wa hifadhini. Huo ndio mwanzo wa somo letu wenyewe, lililoandikwa juu ya udongo wetu.

Kilembe juu kuna ugumu mwingine. Mchanga wa mgodi uko katikati ya makazi na bustani za watu, na Nyamwamba inauchota kila inapofura. Tarehe 1 Mei 2013 mto ulibomoa madaraja na nyumba, na ukafanya hivyo tena mwaka 2014 na Mei 2020, safari hiyo hospitali ya Kilembe ikaharibiwa vibaya. Moto ulioteketeza mimea ya juu mlimani mwaka 2012 ulikuwa umeyaachia maji njia. Utafiti wa Abraham Mwesigye na wenzake, uliotoka mwaka 2016, ulipima jinsi wakazi wa Kilembe wanavyofikiwa na metali hizi, ikiwemo kupitia vyakula wanavyolima wenyewe. Kwa hiyo mwalimu atakayekuja hapa hawezi kusema tu, pandeni. Lazima aseme panda nini, wapi, na kipi kisiende mezani. Miti na nyasi za kushika mchanga ni sawa. Maboga na dodo (mchicha) juu ya mchanga huohuo ni jambo lingine kabisa.

Nasema hivi nikifikiria pia mti wa damas. Ulifaa Bamburi, na nchi za Ghuba ziliupanda kwa wingi barabarani na kuzunguka nyumba kwa sababu unavumilia joto na chumvi. Baadaye mizizi yake ikafuata mabomba ya maji na kuyapasua, na miji kadhaa ikaanza kuukata.

Vijana wa Kasese na Bwera wanaotafuta ufundi wa kutunza bustani za nchi kavu, wengine wakiwa na nia ya kuvuka hadi Ghuba, wana uwanja wa mafunzo mlangoni kwao. Udongo wa kupima upo, chokaa ya Hima ipo, watafiti wa Makerere wapo, na wazee wanaokumbuka ni nyasi ipi ilirudi kwanza kandokando ya Nyamwamba bado wapo. Kila mkataba mpya wa kuufufua mgodi unapozungumzwa, tunasikia tani za shaba na idadi ya ajira. Wilaya na serikali kuu wakae na yeyote anayepewa Kilembe, wakubaliane kwa maandishi juu ya kitalu, maabara ya udongo na mishahara ya walimu, kabla jiwe la kwanza halijatolewa.