Joto la Bahari ya Hindi na vuli ya Shinyanga

KOLANDOTO, kata ya Manispaa ya Shinyanga, iko mbali na pwani, lakini vuli yake hutegemea sana joto la Bahari ya Hindi.

Maji ya magharibi mwa bahari hiyo yanapopata joto kuliko kawaida, huku ya upande wa Sumatra yakipoa, unyevunyevu husukumwa kuelekea Afrika Mashariki na mvua huzidi. Hali hiyo, ikiambatana na El Nino, ilisababisha mafuriko mwaka 1997 na 2023. Hali inapogeuka, kama mwaka 2022, mvua huwa haba.

Maji yenye nyuzi joto 26.5 au zaidi pia hulisha vimbunga, ambavyo msimu wake kusini magharibi mwa bahari hiyo ni Novemba hadi Aprili. Tanzania hukumbwa kwa nadra; Lindi ilipigwa mwaka 1952, na Hidaya kilifika eneo la Mafia Mei 2024. Kimbunga kikipita Mlango-bahari wa Msumbiji, huweza kuvuta unyevunyevu na kukatiza mvua za bara.

Kwa wakulima wa pamba na mpunga, hilo huamua siku ya kupanda. Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, ni suala la uhai: Januari 2024, kifusi kiliua watu 22 katika mgodi wa Ng'alita, Bariadi, wakati wa mvua.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa vuli kabla ya Oktoba, Shinyanga na Geita zikiwekwa katika Ukanda wa Ziwa Victoria. Utabiri huo hueleza uwezekano, hivyo taarifa za kila siku hubaki muhimu.